Homa Ilipomshuka Nunu

Jumatatu, 6 Mei
Kazini damu tu, sindano tu. Macho yanauma. Mvua tangu alfajiri, maabara inanuka spiriti na makoti mabichi. Nimerudi nyumbani Mlandege na kumkuta mdogo wangu Nunu kalala, cherehani kaifunika. Homa tangu jana. Kichwa, viungo, nyuma ya macho. Nimemchoma kidole hapo hapo. Malaria hana.

Jumanne, 7 Mei
Denge. Jibu la damu yake nimelisoma mwenyewe maabara. Mama kashusha pumzi: Nunu alishaiugua miaka miwili nyuma, basi mwili ushaizoea, kama surua. Na nani alimwambia hivyo wakati ule? Mimi. Nilitaka tu mama apate usingizi. Najichukia.

Jumatano, 8 Mei
Si surua. Denge ina aina nne. Kinga ya ile ya kwanza inaijua ile tu. Ikija aina nyingine, kinga hiyo inaishika bila kuiua, na seli zinazomeza vijidudu zinaimeza ikiwa hai. Humo ndani inazaliana kwa raha zake. Tena inazima kengele ambayo seli hupiga kuomba msaada. Yaani walinzi wenyewe ndio wanaoifungulia mlango. Kikulacho ki nguoni mwako.
Nimempa panadoli na madafu. Jirani kaleta vidonge vya maumivu, vya aina inayozidisha kutoka damu, nimevitupa chooni. Kanuna. Anune.

Ijumaa, 10 Mei
Homa imeshuka. Mama kapika pilau, majirani wamejaa sebuleni, udi unafuka. Mimi peke yangu siketi. Hii ndiyo saa ya kuogopa: homa ikishuka ndipo mishipa ya damu huanza kuvuja maji. Nimewaambia. Wamecheka.
Mama anataka kumpeleka Uroa kwa mamdogo, kule pwani, akapate upepo. Nimekataa.
"Homa ishamwacha, wataka nini tena? Mbona wamwombea mwenzio mabaya?"
Mbele za watu. Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 11 Mei
Wamekwenda. Wamengoja nitoke kwenda kazini, wakaita gari. Nimejua saa nne, jirani aliponipigia. Simu ya mama haipokelewi. Nimeacha sampuli mezani, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikakodi teksi. Njia nzima nimemgombeza dereva bure, maskini.
Nunu alikuwa barazani kwa mamdogo, kajikunyata. Mikono baridi. Tumbo linamkata. Katapika mara tatu, fizi zinatoka damu. Mama anampepea, anasema ni uchovu wa safari. Nimembeba Nunu mwenyewe mpaka garini.

Jumapili, 12 Mei
Wodini. Dripu mikono yote miwili. Damu yake imekuwa nzito, maji yote yamehamia tumboni. Presha imeshuka mara mbili. Hajakojoa tangu jana. Daktari anauliza mkojo kila anapopita, nami nimeanza kumchukia kwa swali hilo. Mama kakaa chini ukutani na tasbihi, hanitazami. Nina hasira naye na ninamwonea huruma, vyote pamoja. Naogopa Nunu atakufa. Nimeliandika, basi.
Alasiri: kakojoa. Kidogo, rangi ya chai. Nimelia mbele ya muuguzi kwa ajili ya mkojo.

Alhamisi, 16 Mei
Nunu yuko nyumbani. Kanywa uji, kalalamika hauna sukari. Mama hajaitaja Uroa. Nami sijaitaja.
Jana kazini nilipima damu yangu, kwa udadisi tu. Sijapata kuugua denge, hivyo ndivyo nilivyojua. Jibu: kinga ya denge ya zamani imo. Niliugua nisijue, labda siku moja ya uchovu nikasema ni kazi. Kwa hiyo walinzi wale wale wamo mwilini mwangu, wanangoja mgeni wa aina nyingine. Mbu wa denge huuma mchana.
Sijamwambia mtu. Mama kaniuliza mbona nimefunga madirisha yote na joto hili. Nimesema mvua inaingia. Imekatika tangu juzi.