Maneno Niliyoandika Chini ya Safari ya Nekesa

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi. Mvua imekataa kunyesha na jua limekataa kutoka, na mimi niko hivyo hivyo.

Leo nimeshona joho la kwaya lenye mikono miwili ya kushoto. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, sijawahi. Mwenye joho alikuwa ameketi pale pale kibandani akiningoja. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Mama Nekesa, sasa hapa makofi nitapiga aje?" Tukacheka, nikafumua. Lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu.

Wacha niseme kinachonisumbua. Majina nimeyabadilisha. Nimejifunza.

Binti yangu Nekesa ana miaka ishirini na minne, na anasafiri. Haendi kazini wala shuleni, anasafiri tu. Aliondoka Nairobi na begi la mgongoni, akapita Arusha, akafika Mbeya, na anasema hatasimama mpaka nchi imwishie huko kusini. Kila akipata kompyuta, anaandika aliyoyaona kwenye ukurasa wake wa mtandao, na watu wasiomjua wanamsoma. Mimi pia namsoma. Kila siku saa saba naacha cherehani, naingia saiba, duka la kompyuta za kukodi, ya Mama Jaspal hapa Adams, naketi kwenye kompyuta ya pembeni. Mara ya mwisho aliandika kwamba habari za Kenya zinamfikia zikiwa zimelala siku tatu, kama mandazi, na bado anazila zote. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka.

Basi Jumamosi iliyopita nikaona chini ya maandishi yake kuna kisanduku cheupe. Nikadhani ndipo mama anapomwandikia mtoto.

Mnielewe. Katika ushirika wetu wa akina mama kule Kangemi, mtu akitaka kuombewa hafichi kitu. Anasimama, anataja jina na shida nzima, maana nusu ya shida utaiombeaje? Nami nikaandika vivyo hivyo. Nikaandika, Nekesa mwanangu, kunywa maji yaliyochemshwa, na usijidanganye eti unaona dunia, unamkimbia Wafula aliyevunja uchumba wiki mbili kabla ya harusi, na moyo unao hapo hapo kwenye begi. Mwambie Bwana akuponye, kisha rudi nyumbani.

Nikabonyeza. Nikasema amina.

Jumatatu nilikuta watu kumi na mmoja wamenijibu. Mmoja kasema, "Amina, mama." Mwingine kasema Wafula ni mjinga. Mwingine, dada wa watu, alitaka kujua huyo Wafula anapatikana wapi.

Nikamwita Mama Jaspal. Yeye ni Mhindi aliyezaliwa Nairobi hii hii, baba yake alikuwa fundi mbao, na Kiswahili chake hakizunguki. Alisoma, akaweka miwani juu ya kichwa.

"Mama Nekesa! Wewe umefanya nini? Hii si barua, mama. Hii ni kama ile ubao ya matangazo ya kanisa yenu. Dunia yote inapita, inasoma."

"Basi nitolee."

"Siwezi. Wewe pia huwezi. Ufunguo iko na Nekesa peke yake."

Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wangu mwenyewe wa mtandao siku hiyo hiyo. Alisema nikitaka kulia, nilie kwangu.

Nekesa hakuandika Jumapili. Hakuandika Jumatatu. Nikajua amesoma na amenuna, na ana haki.

Kisha Jumanne jioni redio ikasema mvua imebomoa daraja kusini ya Mbeya, upande ule ule aliokuwa akielekea, na basi moja limesombwa na maji. Majina ya abiria hayajulikani. Kisha wakaendelea na habari za bei ya unga.

Laini yake haishiki tangu avuke mpaka pale Namanga. Nimepiga mpaka nikamzoea yule mwanamke anayesema mteja hapatikani.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama na kukaa. Nachemsha chai, siinywi. Nyumbani kwangu Mountain View majirani wanasikia mlango wangu unavyofunguka na kufungwa. Nimeomba, lakini nimeomba vibaya, kama mtu anayeng'ang'ania bei sokoni. Nilisema, Bwana, kama amenikasirikia, na anikasirikie. Hata mwaka mzima. Iwe ni hasira tu.

Na kuna jingine ambalo hata kwenye ushirika sijalisema. Nilipoandika yale maneno, si hofu peke yake iliyoniandikisha. Kulikuwa na wivu pia. Miaka ishirini na miwili nimekaa Nairobi, na safari yangu ni moja tu, kwenda Bungoma Desemba na kurudi. Mtoto niliyembeba mgongoni ameona ziwa ambalo mimi sijui hata jina lake.

Haya, nimesema.

Leo saa saba nimeingia saiba. Hakuna andiko jipya. Mandazi ni yale yale ya wiki iliyopita. Nikashuka chini, kwenye aibu yangu, nisome tena.

Hayapo.

Jana nilirudi tena saa kumi, yalikuwepo, niliyasoma mwenyewe. Leo yangu hayapo, ya wale kumi na mmoja hayapo, yamebaki maandishi ya Nekesa peke yake, safi, kama uwanja uliofagiwa baada ya wageni ambao hawakualikwa.

"Mama Jaspal, umeweza kutoa?"

"Mimi? Nilikwambia ufunguo ni ya Nekesa." Akainama, akatazama. Kisha akanipiga bega kwa kofi la nguvu. "Wee mama! Basi amekaa kwa kompyuta! Jana usiku ama leo asubuhi, amekaa!"

Daraja lilivunjika Jumanne au kabla yake, na aliyefuta jana usiku ni mzima.

Amenifuta. Asante Yesu, mtoto wangu amenifuta.

Nililia pale pale, na mtu aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akadhani nimefiwa. Kumbe siku zote hizo hakuwa amenuna, alikuwa njiani tu, mbali na mtandao. Hasira yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Hakuniachia hata salamu. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeiomba hasira hiyo, siwezi sasa kuirudisha.

Nimerudi kibandani, nikakata mkono wa kulia wa joho, nikaushona, umekaa.

Kesho saa saba nitaketi tena kwenye kompyuta ya pembeni, kusoma tu. Kile kisanduku cheupe kitakuwa pale chini, kitupu, kinaniita. Bwana, nishike mikono. Yote miwili.