Sanduku la Nguo za Kaka Maduhu

Baba Mkubwa, kiongozi wa ukoo wetu, shikamoo. Wazee wote, shikamooni. Mchungaji, Mama, wifi yangu Mama Kulwa, nanyi majirani wa Mhunze mliotufuta machozi: niruhusuni nizungumze na marehemu mbele yenu.

Kaka Maduhu,

Tangu lori lilipopinduka nawe ukitoka Geita, situlii. Naanza kuchambua mchele, nauacha. Naenda kisimani, narudi na ndoo tupu. Matanga yamefika mwisho, lakini nguo zako hazijagawiwa. Sanduku lipo uani, kuku wanalipanda, watu wanalipitia mbali. Wanasema ulirudi na sumu ya kinu cha nyuklia cha kile chuo kikuu cha Ulaya ulikosoma. Baba Mkubwa ametamka wazi: "Koti lile alilotoka nalo Ulaya litatuchoma migongo." Na kwa kuwa nguo hazijagawiwa, mkeo hawezi kutoka msibani. Pamba yake inamezwa na magugu.

Ulinieleza ukiwa hai, leo nakusemea. Kinu kile kilijengwa baada ya vita kuu ya pili ili wanafunzi wajifunze. Hakikuwa bomu, wala hakikuwasha taa ya mtu. Kilikaa chini ya maji, na maji yenyewe, ulisema, yaling'aa rangi ya buluu. Madaktari walipata humo dawa ya tezi la shingo. Wewe ulitia humo unga wa mawe ya Geita, kisha mashine ikaonyesha kama unga huo una dhahabu. "Mdogo wangu, tunaliuliza jiwe, nalo linajibu." Kila mlipotoka mlipimwa mikono na miguu kama ina sumu, na makoti ya kazi yakabaki huko huko. Ulicheka sana ukisimulia: "Hata ng'ombe wa mahari hakaguliwi namna hii."

Ungekuwepo, ungewaeleza mwenyewe, nao wangecheka. Mimi, kaka, nayarudia tu maneno yako.

Pumzika. Kulwa wako atasoma, nakuahidi. Na mama yake hatafungiwa ndani kwa hofu yetu.

Ndugu zangu, Mama nami tumekata shauri. Sanduku linafunguliwa sasa, kabla ya chakula, na kila jamaa atapokea nguo yake kama desturi yetu ilivyo. Koti la kijivu, alilovaa njiani akirudi kutoka Ulaya, ndilo la kwanza.

Baba Mkubwa, kwa heshima zote, ni lako. Simama nikuvike.