Viatu Viwili vya Kushoto

Nyamirambo, Kigali

Dada Mastura,

Hapana, juzi hakuna mteja aliyekuja. Uliniuliza niliwezaje kumaliza Ramadhani nzima mwaka jana na hii sukari yangu, nikasema ngoja kidogo, mteja amefika, nikakata simu. Nilikuwa nimekaa peke yangu na viatu vyangu. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nikisikia sauti yako nacheka, nikicheka nadanganya, unanijua.

Sijakusalimia, nisamehe. Asalaam aleikum. Vipi hapo Rubavu? Shemeji yuko salama? Na miguu yako, bado inawaka moto? Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Biashara ya caguwa, hii mitumba yangu, inatembea, hata kama viatu vingine vimeshatembea sana kabla ya kufika kwangu.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilianza mwezi vizuri kabisa. Daku nakula, sindano najipiga kipimo kile kile cha siku zote, halafu naenda kupanga viatu. Kile kimashini cha kupima sukari nilikifungia kabatini. Wazee wa hapa barazani waliniambia ukijitoboa kidole damu ikatoka, saumu imekwenda. Mimi na darasa langu la nne nitabishana na nani? Nikasema basi, sukari na yenyewe ipumzike, tutaonana Idi.

Siku ya tisa, saa tisa mchana, akaja Daphrose, yule mama Mkatoliki anayeuza vitenge pembeni yangu. Anataka viatu vya kwenda misa. Nikampa viwili vya kushoto. Akasema we Ilyasi, hivi vyote ni vya kushoto. Nikamwambia viatu havina shida, mguu wako mmoja ndiyo umekosea. Akacheka, watu wakacheka. Mimi mikono inatetemeka, shati limelowa jasho, wao wanacheka. Nikakaa chini juu ya viatu, nikaanza kuongea maneno hayaeleweki, wakazidi kucheka. Dada, hiyo ndiyo adhabu ya mtu wa utani: hata ukifa watu wanangoja umalizie.

Daphrose ndiye alinyamaza wa kwanza. Alileta Fanta, akanishika kichwa. Nikafunga meno, nikamwambia niko na saumu. Akasema Mungu wake na Mungu wangu wote wananiona nilivyo, ninywe haraka kabla hajanitukana mbele ya wateja. Nikanywa.

Wakanipeleka kituo cha afya, nesi Kamikazi akanipima akakuta sukari imeshuka mpaka hamsini na moja, na hiyo ni baada ya Fanta! Akauliza muganga gani alinipangia sindano za mwezi wa saumu. Nikasema hakuna. Akaniambia wako wenye sukari wanafunga salama, lakini wanamuona muganga mapema, anawabadilishia dawa, mchana wanajipima, na ikishuka wanafungua hapo hapo. Na wako wengine anawakataza kabisa. Nikaenda kwa shehe pia. Alisikitika. Akasema kujitoboa ili upime hakuvunji saumu, na mgonjwa amepewa ruhusa na Mungu mwenyewe. Sasa mimi ni nani nikatae ruhusa ya mwenye nyumba?

Ni hapa sasa, Dada, kalamu inakuwa nzito. Toka siku hiyo sikufunga tena. Saa saba nilikuwa nakula nyuma ya magunia ya viatu, kama mwizi. Magharibi ikifika niko msikitini mstari wa mbele, midomo nimeiacha ikauke, nachukua tende ya kwanza, watu wanasema mashallah Ilyasi, na sukari yake yote! Niliona haya. Niliogopa waseme hata Ramadhani yangu ni ya caguwa. Siku ya Idi nikakupigia, nikasema thelathini zote. Uongo. Ni nane na nusu.

Nilidhani uongo ule ni wangu peke yangu. Mpaka juzi uliposema mwaka huu na wewe utafunga, na sindano zako, kwa sababu kama Ilyasi ameweza, wewe mkubwa utashindwaje. Mama alituachia hii sukari sisi wawili, na wewe ndiye uliyenilea. Ukianguka hapo Rubavu, ni mimi nitakuwa nimekusukuma kutoka Nyamirambo.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Kabla hujanitukana, chukua dili hii. Wiki hii, kabla mwezi haujaandama, nenda kwa muganga wako. Akisema funga, fanya vile atakupangia. Akisema usifunge, tutakula mchana wote wawili, mimi mbele ya watu bila magunia, na kila magharibi nitalisha maskini wawili, fidya ya saumu zetu, mmoja wako, mmoja wangu. Halafu kila asubuhi unanitumia namba yako ya sukari, na mimi nakutumia yangu. Atakayeficha namba hata siku moja, ataenda swala ya Idi na viatu viwili vya kushoto. Vile vya Daphrose bado niko navyo. Umekubali?

Mdogo wako,
Ilyasi