Jiko Lile Lile Chumbani

Jumanne, mtaani Bahati

Leo nimempigia shangazi kelele mbele ya watu wa matanga. Mvua ilinyesha, akaniletea jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha. "Upate joto kidogo, mtoto wangu."

Jiko lile lile! Wiki jana Mama alilala nalo humu ndani, dirisha limefungwa, na hakuamka. Daktari alitueleza kuhusu ile sumu ya makaa isiyo na harufu, shangazi akisikia.

Nimelitoa nje kwenye mvua. Akaanza kulia: "Ni Mungu alimchukua mama yako, si makaa."

Nikarudi ndani nikafungua dirisha. Sasa amelala kando yangu kwa kitanda cha Mama, dirisha wazi, baridi inatuuma sote wawili.

Mama angekuwepo, angekuwa ameshaamka kutufunika.