Mrusha Tufe Wangu Ni Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Dafroza, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana barua hii naiandika nikiwa nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji la chuo, na wanachuo wanajua nipo hapa ila wananionea huruma tu.

Mimi ni mwalimu wa riadha katika chuo kimoja cha ualimu huku Bunda, mwaka wa sita sasa, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kurudi na medali, tumerudi na malaria, tumerudi na mwanachuo mmoja aliyepata mchumba, lakini medali hapana, mpaka mkuu wa chuo ameniambia safari hii nikirudi mikono mitupu filimbi anampa Mwalimu Isidori wa Kilimo, ambaye mwaka jana alifungia mbuzi wake kwenye mkuki wetu wa mashindano.

Basi muhula huu akaja mama mmoja anaitwa Wegesa, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini, karudi kusoma diploma. Nikampa tufe ajaribu tu, akalirusha likapita mstari, likapita mwarobaini, likaingia kwenye mchicha wa matroni. Nikamuuliza nguvu hizo kazitoa wapi, akasema, "Nilikuwaga nasukuma toroli la mawe kule machimboni Buhemba, mwalimu. Haka kajiwe ni ka kuchezea." Shangazi, nililia machozi. Wiki tatu nikamfundisha kwa moyo wote, nikamshika bega, nikamkunja kiwiko, nikamgonga goti kwa filimbi ili achuchumae, nikampigia kelele, "Shusha kiuno wewe mama, hapa siyo msibani!", na yeye ananisikiliza tu, tukipumzika ananiuliza maswali, kama nimeoa, nikamwambia nina mchumba, kama nakunywaga, nikamwambia Jumamosi tu, kama huyo binti nampenda, nikamwambia sana.

Sasa Alhamisi ile akavua raba atoe kokoto, nikaona mguu. Kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, na kucha ya kidole gumba haipo. Mguu ule naujua, Shangazi, naujua kuliko wa kwangu, maana siku tulipopeleka ng'ombe Butiama kwa kina Gloria mchumba wangu nilikaa saa tatu nzima nikiutazama, na wewe unajua kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hashikwi mkono, hata njiani unampisha kwa mbali, kwa hiyo uso wake siujui, na sauti yake sikuisikia maana hakusema neno. Gloria aliniambia mama kaenda kujiendeleza, sikuuliza chuo gani, mkwe hachunguzwi.

Nilikimbia, na zile zilikuwa mbio zangu bora tangu niajiriwe. Tangu siku hiyo maelekezo naandika kwenye karatasi, Eunice kapteni wa timu anampelekea, na tufe limeshuka kutoka mita kumi na moja hadi nane. Mashindano ni wiki mbili zijazo na harusi ni Desemba. Nikirudi uwanjani nakosa mke, nisiporudi nakosa kazi ambayo naipenda kuliko ninavyoiweza. Nifanyeje? Tafadhali usichapishe jina langu.

Machage, Bunda.

*

Mwanangu Machage, jina nimeliacha hapohapo chini ya barua. Akina Machage wa Bunda wakijipanga foleni wanafika Butiama, na anayekujua ameshakujua kwa hilo tangi.

Pole. Nimecheka mpaka chai imeniingia puani, lakini aibu yako naifahamu. Marehemu mume wangu aliwahi kukutana na mama yangu sokoni Nyasho, akajitupa ndani ya duka la kwanza aliloliona, akatoka na sidiria mbili. Sasa ngoja nikugombeze.

Mwalimu mzima unafundisha mtu wiki tatu hujasoma rejista? Jina la ukoo wake limeandikwa pale, wewe unasubiri kidole cha mguu kikutambulishe! Na unadhani yeye hakujua? Mwanachuo gani anamuuliza kocha kama anakunywa? Ulikuwa kwenye usaili, mwanangu, na bahati yako ulijibu vizuri, isipokuwa hiyo Jumamosi. Mama huyo alijua wewe ni nani, akakubali kugongwa goti kwa filimbi, kwa sababu anaitaka hiyo medali. Miaka ishirini amefundisha watoto wa watu, mwishowe akapata mtu wa kumfundisha yeye, na mtu mwenyewe akakimbia. Hilo ndilo ulilomkosea. Hilo limenikera, lakini bega nimekusamehe.

Haya, sikiliza. Leo leo mweleze Gloria, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa mama yake. Kesho mshenga wako aende Butiama, aseme wazi kwamba kijana alimshika mkwe bega bila kujua, anaomba wazee waseme la kufanya. Watacheka, watakohoa, watataja mbuzi. Mtoe bila kubishana, yataisha. Na awe mbuzi wako, wa Isidori usimguse.

Wakishakuruhusu, rudi uwanjani siku hiyohiyo. Kushika na kukunja mwachie Eunice. Wewe kachukue futi kamba, simama kule tufe linakoangukia, upige kelele zako huku unatazama chini, ambako ndiko unakotakiwa kutazama hata hivyo. Mila inataka mkae mbalimbali, na umbali wenyewe atakupangia yeye. Ukimfundisha vibaya utakuwa mita nane kutoka kwake, ukimfundisha vizuri atakusogeza mpaka kumi na mbili, wazee watafurahi na mkuu wa chuo atafurahi.

Ila simama pembeni ya mstari, usikae katikati. Gloria anataka bwana mwenye kichwa ifikapo Desemba, na mama mkwe mwenye tufe mkononi hachezewi.