Jina Nililoliita Kileleni

Mwanangu Rigzin,

Sisi wazima, na mbuzi wetu ndio wenye sufu laini kuliko wote katika nyanda hizi za Changthang. Hata wanaonionea wivu wanakiri. Juzi mimi na rafiki zangu, Dolkar na Yangchan, tulivuka jangwa la mlimani kwenda kwenye hekalu la kileleni. Vumbi liliingia hadi kwenye chai ya siagi. Njia nzima nilikuwa mbele, waulize.

"Polepole, mama wa daktari!" Yangchan akanitania. "Sisi wengine hatuna mtoto wa kututibu!"

Nikakaza mwendo. Mjomba wako alikuwa ameshaniambia kwamba umeacha masomo ya udaktari na unaogopa kurudi nyumbani.

Kileleni kila mmoja huweka jiwe, akawapigia miungu ukelele wa ushindi, kisha akamtaja mwanawe. Dolkar akanisukuma: "Haya mwenzangu, mtaje daktari wetu!" Lakini mbele ya miungu nani athubutu kudanganya? Nikapaza sauti: "Rigzin, binti yangu!" Basi.

Wakatazamana. Halafu Dolkar, na ile sauti yake ya punda, akaita: "Rigzin, binti yetu!" Yangchan akafuatia.

Wameshajua, na hakuna aliyecheka. Njoo kabla theluji haijafunga njia.

Mama yako, anayejivuna vilevile,
Padma