Mraba Wangu na Duara la Kemunto

Jumanne, 4 Machi
Nimechuma chai tangu saa moja. Mgongo unalalamika. Kikapu nusu. Moraa, mke wa mwanangu, alikuja kunisaidia, nikajua ana shida. Hajagusa jani la chai tangu aanze chuo kule Kisii mjini. Anasomea shahada ya pili: ushauri nasaha wa Kikristo na saikolojia. Yaani kusikiliza watu wakilia, kisha kuomba nao. Nilimuuliza kama kuna mtihani wa leso. Hakucheka.
Kemunto angecheka. Mke wangu. Yuko Nyamache kwa kaka yake, mwaka wa tatu sasa.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe shida ni kazi ya chuo. Lazima achore ukoo mmoja na kuwahoji wenyewe. Amechagua wa mumewe. Yaani mimi.
Sasa, mimi ni baba mkwe. Kwetu mke wa mwana haketi na baba wa mumewe wakatazamana na kuongea mambo ya ndoa. Ni chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Mwalimu wake si wa huku, hakuliwaza hilo. Tumepatana hivi: tutachuma, yeye safu yake, mimi yangu, tumepeana migongo. Shahada ya pili inasomwa kisogoni.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimwambia babu yangu alioa wake kumi na mmoja na akazikwa na baiskeli yake. Nikasikia kalamu ikiandika. Kisha akauliza, pole pole, ilikuwa baiskeli ya rangi gani. Huyu si mjinga.
Akauliza nilizaa watoto wangapi. Wanne, nikasema. Akanyamaza. Wanafundishwa kunyamaza huko, ndio ujanja wao. Nilichuma vichaka vitatu katika kimya kile.
Nikasema watano.
Nyaboke. Miaka tisa. Malaria. Jina hilo sijawahi kuliandika katika daftari hili.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Niliogopa wimbo wowote.
Niandike basi. Kemunto aliomba kwa sauti siku moja mbele ya kina mama wa kanisa, akamtaja Nyaboke, akalia. Kesho yake, kwenye kituo cha kupimia chai, nilimwigiza. Sauti yake, kwikwi zake, mikono juu. Watu walicheka mpaka karani akaacha mizani. Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu chake.
Alihamia kwa kaka yake bila kelele. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 11 Machi
Moraa alitandika mchoro juu ya kichaka, akaenda kusimama mbali ili nisome. Mwanamume ni mraba. Mwanamke duara. Marehemu anapigwa alama ya kukata. Duara dogo la Nyaboke limekatwa, nadhifu, kwa rula. Mimi ni mraba, inanifaa, nina kona. Kemunto ni duara upande wa pili. Katikati, hakuna kitu.
Akanieleza kwa mbali. Waliooana, mstari. Waliotengana, mstari unakatwa mara moja. Walioachana kabisa, mara mbili.
Nikamwambia asikate popote. Ng'ombe wa mahari wako kwao mpaka leo, hakuna aliyewarudisha.
"Tata," akasema, na huyu huniita Tata kama baba yake mzazi, "mstari huu si wako peke yako. Lazima nimuulize na Mama."

Ijumaa, 14 Machi
Moraa ameenda Nyamache. Mimi nimefagia nyumba. Kwa nini nafagia? Nimefagia tena.

Jumamosi, 15 Machi
Amerudi, hasemi. Ati siri ya anayehojiwa. Nilimtania, nikamnunia, nikamwahidi kuku. Nikaongeza jogoo. Wapi. Mwishowe akasema, mgongo umenielekea:
"Nimechora kwa penseli. Mwalimu anataka kwa kalamu wiki ijayo. Mama ameniruhusu nikwambie jambo moja tu: swali la mstari ukamuulize mwenyewe."

Jumapili, 16 Machi
Nimejaribu maneno mbele ya ng'ombe. Kila nikianza, mzaha unatoka. Hata ng'ombe amechoka na mimi. Naogopa. Nina miaka sabini na mbili na naogopa mwanamke anayeuza ndizi sokoni.

Jumanne, 18 Machi
Soko la Nyamache. Alikuwa ameketi nyuma ya mikungu minne. Amekonda shingo. Kitambaa cha kichwa ni kilekile cha kijani. Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu bei. Nikaumeza, ukakwama, ukashuka.
Nikasema, "Nyaboke."
Tangu mazishi sijalitamka mbele yake. Akaacha kupanga ndizi.
Nikasema, "Nilikuigiza kwa sababu sikujua kulia kwangu mwenyewe."
Akanyamaza. Kuliko Moraa. Na huyu aliishia darasa la saba.
Kisha akasema, "Sogea, unanizibia wanunuzi."
Nikasogea. Upande wake. Nikakaa juu ya gunia. Hakunifukuza. Aliuza mikungu mitatu, mmoja nikambebea mama fulani mpaka barabarani, nikarudi mbio nisije nikakuta nafasi yangu imechukuliwa. Jioni aliingia kwa kaka yake, mimi nikarudi kwangu Ikonge. Swali sikuliuliza. Njia nzima nilinuka ndizi.

Jumatano, 19 Machi
Mvua asubuhi. Moraa hakuuliza kitu. Aliweka mchoro juu ya kichaka, akaenda zake.
Mstari umekatwa mara moja.
Karatasi imekwaruzika pale, nyembamba, kama kulikuwa na mkato wa pili ukafutwa. Nimeipitisha kidole mara nyingi. Sitamuuliza ni nani aliyeshika kifutio.
Soko ni Jumanne. Viatu nimevipaka rangi leo.